Hodi Bila Karibu: Kazi ya Utangulizi katika Uandishi na Uzungumzaji

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaendelea na makala haya, hebu chukua rundo la insha za kidato cha tatu lililo mezani pako na usome sentensi ya kwanza tu ya kila karatasi. Yamkini jogoo atawika katika karatasi kadhaa. Katika nyingine, miale ya jua itapenya dirishani huku ndege wakitumbuiza. Nyingine zitaanza kwa kutuhakikishia kwamba wahenga hawakukosea waliponena, kana kwamba kuna mtu aliyewashtaki. Na iwapo swali lilikuwa la hotuba, utampata mgeni wa heshima, afisa wa elimu, mwalimu mkuu na naibu wake, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu, wote wameketi katika mstari mmoja, hata pale ambapo swali lilisema kuwa hotuba ilitolewa kwa wanachama kumi na watano wa chama cha mazingira.

Watahiniwa hawa hawakuzembea. Wametii. Ni sisi tuliowafundisha kwamba kila utungo una utangulizi, mwili na hitimisho, tukawapa na mifano ya kukariri, lakini ni nadra tulipowaeleza utangulizi huo unafanya kazi gani. Nikisema sisi, nami nimo, tena mstari wa mbele.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha mtihani wa mwigo. Swali la lazima lilimtaka mtahiniwa aandike hotuba ambayo angewatolea wanawake wa kijiji chake kuhusu athari za pombe haramu. Karatasi moja haikuwa na itifaki yoyote. Msemaji wake alianza kwa kuwaambia akina mama kwamba anajua baadhi yao walikuwa makaburini wiki hiyo, na kwamba hakuja kuwafunza ubaya wa pombe kwa kuwa wao wanaujua kumshinda. Alikuja kuwauliza ni nani kati yao anayempangisha mpishi nyumba. Niliandika kwa wino mwekundu: "Utangulizi uko wapi?" Nikampa alama 9 kwa 20. Msichana huyo alipokuja afisini hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwani chifu angekuwa kwenye huo mkutano?"

Sikuwa na jibu la haraka. Chifu asingekuwepo. Wala mgeni wa heshima. Mkutano aliouwaza mwanafunzi yule ulikuwa na watu wake, na sentensi zake za kwanza ziliwakabili watu hao hao. Mimi ndiye niliyetaka amsalimu mtu ambaye hayupo.

Rai ninayoitoa hapa ni kwamba utangulizi si pambo, wala si sehemu ya kwanza ya utungo kwa sababu tu imetangulia. Ni mahali ambapo msemaji anaomba asikilizwe na hadhira mahususi, akiiarifu yeye ni nani kwao na amewaendea kwa jambo gani. Kama hivyo ndivyo, basi hauwezi kukaririwa kabla ya kuijua hadhira. Na katika uhakiki hatuwezi kuuruka ili tufike "kwenye kazi yenyewe", kwa kuwa kazi yenyewe huwa imekwisha kuanza.

Tuanze na fasihi simulizi, ambako jambo hili li bayana zaidi. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira huitikia "Tega!" Jaribu darasani: mwambie mwanafunzi atoe neno lile la kwanza, kisha uwakonyeze wenzake wanyamaze. Hataweza kutega. Atarudia, atapaza sauti, atacheka kwa haya, kisha ataketi. Hakuna kanuni iliyoandikwa popote inayomkataza kuendelea, ila anajua kuwa hajaruhusiwa. Hali ni iyo hiyo katika ngano, ambapo "Paukwa" hungoja "Pakawa". Vitabu vyetu vya kiada huorodhesha umuhimu wa fomyula ya kuanzia: hunasa makini ya hadhira, huitoa hadhira katika ulimwengu halisi na kuiingiza katika ulimwengu wa ngano, hutambulisha utanzu. Orodha hiyo ni sahihi na wanafunzi huipatia alama. Hata hivyo, inaacha jambo moja lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba nusu ya fomyula haimo kinywani mwa fanani. Nusu hiyo ni mali ya hadhira, na hadhira inaweza kuinyima.

Ndivyo ilivyo hodi. Anayesema hodi na kuingia papo hapo bila kungoja karibu hajabisha hodi. Ametangaza tu kwamba anaingia. Utangulizi wa jogoo na miale ya jua ni hodi ya aina hiyo.

Mwandishi ana taabu ambayo fanani hana. Hadhira yake haimo chumbani, hivyo hapati wa kumwitikia "Tega!" Itambidi auwaze mwitikio huo, na aziteue sentensi zake za kwanza kana kwamba ameusikia au ameukosa. Sioni mfano bora wa kumfunzia mwanafunzi jambo hili kuliko Utendi wa Mwana Kupona, ambao wengi wetu tunaufundisha kwa ajili ya maudhui yake kuhusu nafasi ya mwanamke na kuupitia mwanzo wake mbiombio.

Tunajua desturi ya tenzi za kale za pwani. Mtunzi hutangulia kulitaja jina la Mungu na kumsifu, akamsalia Mtume pamoja na jamaa na sahaba zake, ndipo akaeleza nia yake na kuingia katika kisa. Desturi hii imesimama juu ya imani kwamba jambo lisiloanzwa kwa jina la Mungu hupungukiwa na baraka. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hufuata njia hiyo: dua na sala kwanza, kisha mtunzi anaeleza azma yake, akiufananisha utungo wake na koja la lulu, na baada ya hapo tu ndipo anapougeukia moyo wake na kuanza kuukaripia. Mpangilio huo una maana katika utungo ule. Anayekaribia kusimulia magofu ya Pate na ubatili wa dunia anasimama kwanza mbele ya Yule asiyeharibika.

Mwana Kupona binti Msham naye alikuwa mtu wa dini na alizijua vyema kaida za tenzi. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siu, na utendi wake unakadiriwa kutungwa mwaka 1858, takriban miaka miwili kabla ya kifo chake. Lakini hakuanza kwa dua. Alianza kwa kumwita bintiye asogee karibu. Kisha anamwarifu kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima na hakupata nafasi ya kumwambia neno la maana. Anamwagiza aje aketi mbele yake na wino na karatasi. Baada ya hayo yote ndipo anapomwelekeza binti aandike jina la Mungu na kumtaja Mtume na sahaba zake.

Tazama, msomaji, kilichotendeka. Dua haikuachwa, imesogezwa. Imekuwa jambo la kwanza ambalo binti anafunzwa kuandika, badala ya kuwa jambo la kwanza ambalo mtunzi anasema. Na sababu ya kusogezwa kwake imo katika hali ya wawili hao: mama ni mgonjwa, muda ni mfupi, na binti hajakaribia. Hakuna wosia bila wa kuusiwa. Katika beti chache tu tunajua nani anasema na nani, kwa nini leo na si mwaka jana, na kwa nini yatakayosemwa yana uzito. Wale wanaoukosoa utendi huu kwa kumfunza mwanamke unyenyekevu wana haki ya kuukosoa, nami hujiunga nao katika beti kadhaa. Ila mhakiki anayeruka mwanzo huo atausoma kama kitabu cha amri kwa wanawake wote, ilhali mwanzo unatuambia kuwa ni sauti ya mama anayeaga, akimwambia bintiye mmoja mambo yatakayomsaidia kuishi katika dunia ile ambayo mama hataweza kumlinda. Je, nasaha ni zile zile? Ndiyo. Lakini hazisomeki vilevile.

Nimewahi kukisomea kidato cha nne beti za nasaha kwanza, bila mwanzo, nikawauliza msemaji ni nani. Wengi walisema ni mwanamume. Niliposoma mwanzo, darasa lilitulia.

Tugeukie sasa hotuba, kwa kuwa ndiyo iliyonitia mashakani. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Walimu wa enzi hizo waliitumia sana; siku hizi imo katika rafu za juu za maktaba, mahali pa vumbi. Ishushe. Katika tendo la tatu kuna hotuba mbili mbele ya maiti moja na umati mmoja, na tofauti baina yazo imo kwa kiasi kikubwa katika namna zinavyoanza.

Brutus anatangulia. Anapowaita wasikilizaji, Urumi wao unakuja kwanza na mapenzi yanafuata nyuma. Anawataka wanyamaze ili wasikie, na anawataka wamsadiki kwa sababu ya heshima yake. Hotuba imepangwa vizuri, tena ni ya nathari iliyonyooka kama ya wakili. Umati unamshangilia. Kisha anaingia Antony akiwa katika hali mbaya: ameruhusiwa kusema kwa masharti, haruhusiwi kuwalaumu wauaji, na umati tayari unanong'ona kuwa afadhali asimseme Brutus vibaya. Yeye anapowaita, urafiki ndio unaotangulia na Urumi ukafuata. Haamrishi, anaomba asikilizwe. Na jambo la kwanza analolifanya ni kukana kwamba amekuja kumsifu marehemu, kwa kuwa anajua kuwa hilo ndilo wanalomshuku nalo. Ameanzia pale waliposimama wao. Haujapita muda mrefu kabla watu wale wale hawajaondoka kwenda kuchoma nyumba.

Simtoi Antony kama kielelezo cha maadili. Ni mchochezi na anajua anachokifanya. Ninamtoa kwa sababu anatuonyesha kuwa maneno ya kuita hadhira si orodha ya vyeo. Kila neno la wito ni dai kuhusu uhusiano. Anayesema "wananchi" anadai jambo moja, anayesema "ndugu zangu" anadai jingine, na anayesema "mama zangu" kwa wanawake waliotoka makaburini anadai kubwa kuliko yote, kisha itambidi athibitishe. Mtahiniwa wangu alithibitisha.

Hapa najua utanipinga, mwalimu mwenzangu, na pingamizi lako lina mashiko. Itifaki haikubuniwa na watahini. Katika baraza la wazee, asemaye bila kuwatambua walio juu yake amewakosea, na hata akiwa na hoja nzuri haitasikika. Nakubali kabisa. Kutambua vyeo ni njia mojawapo ya kungoja "karibu", na pale penye vyeo haina mbadala. Ninalolikataa ni itifaki iliyokauka. Tazama lililotokea katika hafla zetu za mazishi na za harambee: msemaji anasimama, anasema "itifaki imezingatiwa", na anaendelea. Maana yake, ukiipima, ni kwamba haikuzingatiwa. Neno limebaki, tendo limekwenda. Wanafunzi wetu wanahudhuria hafla hizo hizo, na wanajifunza kutoka huko kuliko kutoka ubaoni.

Kuna aina nyingine ya utangulizi ambayo tunaitendea vibaya zaidi, nayo ni ile iliyochapishwa mwanzoni mwa vitabu: dibaji, tabaruku, shukrani na utangulizi wa mwandishi au wa mhariri. Tunapogawa vitabu teule, tunawaambia wanafunzi wafungue sura ya kwanza. Kurasa zenye nambari za Kirumi hazitahiniwi, basi hazisomwi. Lakini katika historia ya ushairi wa Kiswahili kurasa hizo zimepigana vita. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, sheria zilitangulia na diwani ikafuata. Leo, ukiwauliza wanaomnukuu ni shairi gani la diwani ile wanalolikumbuka, wengi watababaika. Wanachokinukuu ni zile kurasa za mbele, hasa lile la kwamba shairi lisiloimbika si shairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, na katika utangulizi wake akajitetea kwa kutumia lugha ya kawaida katika ushairi. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko tunaoufundisha leo ulipiganwa kwa sehemu kubwa katika kurasa za namna hiyo. Kezilahabi angeyachapisha mashairi yale bila neno la mbele, wengi wangedhani kuwa vina vimemshinda. Kwa kutangulia kusema, aliwafanya wampinge kwa alilolikusudia, jambo ambalo ni heshima kwa mwandishi yeyote.

Vilevile, mwanafunzi akipewa shairi la "Mamba" kutoka Sauti ya Dhiki (1973) likiwa peke yake kwenye karatasi iliyorudufishwa, atamwona mnyama. Akiambiwa kwanza kuwa Abdilatif Abdalla aliitunga diwani ile akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi, atamwona mamba mwingine. Sisemi kwamba shairi halisimami bila maelezo hayo. Ninasema mwalimu anayeyatoa au kuyanyima anachagua mamba yupi ataogelea darasani, na ni vizuri ajue kuwa anachagua.

Basi, je, kila utungo udai utangulizi? La hasha. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Rhetoric, alisema kazi ya lazima ya utangulizi ni kuonyesha lengo la hotuba, na kwamba pale ambapo jambo ni fupi au liko wazi hauhitajiki. Ningependa maneno hayo yabandikwe juu ya ubao wakati wa kufundisha karatasi ya tatu ya Fasihi. Swali linamtaka mtahiniwa ajadili jinsi usaliti unavyojitokeza katika tamthilia, alama 20. Yeye anatumia robo ukurasa kutuambia kuwa mwandishi ni msanii mahiri aliyebobea, aliyezaliwa mahali fulani, na kwamba kazi yake imesheheni maudhui kemkem. Mtahini anayajua hayo yote. Hana alama ya kuyapa. Hapo sentensi moja inayotaja maana ya usaliti anayoifuata mtahiniwa inatosha, na hoja ya kwanza ianze.

Katika insha za kubuni hali ni tofauti, na huko ninafuata desturi moja ambayo imenisaidia. Baada ya wanafunzi kuandika rasimu, ninawaambia waifunike aya ya kwanza kwa kiganja na wasome kuanzia ya pili. Mara nyingi hakuna kinachopotea, na baadhi yao hucheka wenyewe wanapogundua kuwa kisa kinaanza pale pale. Wachache hukuta kwamba bila aya ile msomaji hajui nani anaongea au kwa nini. Hao ninawaambia waiache ilivyo. Kisha nawataka waandike, juu kabisa ya karatasi, jina la mtu mmoja ambaye wangependa aisome insha hiyo. Si lazima liwe jina la kweli. Mwaka mmoja mvulana aliandika "dereva wa basi la shule", na insha yake kuhusu ajali za barabarani ilianza kwa kumuuliza dereva huyo kama husikia wanavyonyamaza kule nyuma anapopiga kona. Jogoo hakuwika.

Zoezi hili linachukua vipindi viwili, na katika muhula wa tatu hakuna mwenye vipindi viwili vya ziada. Kwa hiyo ninalifanya katika kidato cha pili, kabla tabia haijakomaa.

Kuhusu karatasi ile ya hotuba, niliisahihisha upya. Nilimpa 15, kwa kuwa tahajia yake ilikuwa na kasoro na hitimisho lilikatika ghafla. Ila alama za sura ya hotuba sikuweza kumrejeshea zote, kwa sababu mwongozo tuliokuwa tumekubaliana katika jopo ulitaka vyeo vitajwe, na wenzangu walikuwa wamewakata wengine kwa kosa hilo hilo. Katika kikao kijacho cha idara yetu ninakusudia kupendekeza kwamba mahali palipoandikwa "mtahiniwa ataje wahusika wa itifaki" pasomeke "mtahiniwa aitambue hadhira iliyotajwa katika swali". Wenzangu wawili wamekwisha kuniambia kuwa hilo litakuwa gumu kusahihisha.